Kiporo, Kisukari na Kamba ya Usumba

Swali la safari hii limetoka kwa msomaji wa Jang'ombe. Ana kisukari, na mwanawe kamletea sauti ya WhatsApp inayosema kwamba wali ukilala "unakwisha sukari", basi mwenye kisukari ale kiporo asubuhi kwa raha zake, ashibe, na vidonge aviache kabatini. Anauliza: kweli hiyo au porojo?

Nimelipenda swali hili kwa sababu mengi yanayonifikia ya namna hii yanachosha. Mdalasini unaponya sukari. Maji ya bamia yaliyolazwa yanaponya sukari. Mlonge unaponya sukari, presha na kila kilichobaki. Nyuma ya kila dai pana utafiti kidogo na maneno mengi. Tumewahi kufika mbali zaidi ya hapo: mwaka 2011 maelfu kwa maelfu walisafiri hadi kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Ilikuwa dawa ya mti wa mugariga, na ilidaiwa kuponya kisukari, saratani hata UKIMWI. Walionywa wasiache dawa zao, wako walioziacha.

Kiporo ni habari nyingine. Aliyerekodi sauti ile, awe nani, kapatia jambo na kakosea kiasi chake. Jambo alilopatia ni zuri mno, na makala haya nusu yake yatakwenda huko. Sitaeleza kisukari ni nini wala insulini inafanya kazi gani. Msomaji aliyeuliza ameshaelezwa hayo kliniki mara nyingi kuliko nitakavyoweza mimi. Nataka tuingie ndani ya punje ya wali.

Wanga ni glukosi iliyoungwa kwa minyororo. Ndani ya mchele minyororo hiyo ni ya aina mbili. Ya kwanza ni amilosi, mirefu na iliyonyooka. Ya pili ni amilopektini, mikubwa zaidi, yenye matawi mengi mafupi. Katika mchele wa kawaida amilosi huwa kama robo ya wanga, wakati mwingine pungufu, na kilichobaki ni amilopektini. Mchele wenye amilosi nyingi hupikika ukachambuka punje kwa punje. Wenye amilosi kidogo hunatana. Kwa hiyo mpishi anayegusa mchele sokoni Darajani na kusema huu utachambuka, huu utakuwa bokoboko, anapima amilosi kwa uzoefu wake.

Sasa twende pwani ya mashariki, Paje, Bwejuu na Jambiani, wanakosokota kamba za usumba. Makumbi ya nazi hufukiwa ufukoni kwa miezi mingi yaoze. Yakifukuliwa hupondwa kwa magongo mpaka nyama ya kumbi itoke na zibaki nyuzi. Msokotaji anachukua mafungu mawili ya nyuzi, anayaviringisha kati ya viganja, na mafungu yale yanakumbatiana yenyewe. Uzi mmoja wa usumba unaukata kwa kidole. Kamba iliyosokotwa vizuri inataka kisu, tena kisu kikali.

Punje ya mchele mbichi ina kamba ndogo ndogo kama hizo. Matawi ya amilopektini yamesokotana mawili mawili na kupangwa safu juu ya safu, yamebana. Ndiyo maana wanga wa mchele mbichi husagika polepole: vimeng'enya vya tumboni, vile vinavyokata wanga kuwa sukari, hupata tabu pa kuanzia. Kimeng'enya kina mfereji mwembamba ubavuni mwake, na uzi mmoja wa wanga hulala humo ukakatwa. Nyuzi mbili zilizosokotana haziingii. Kisu kipo, lakini kamba ni nene kuliko mdomo wake.

Ukiinjika chungu, maji na moto vinafanya kazi ya kusokotoa. Mchele kwa mchele hutofautiana, lakini kati ya nyuzi joto 60 na 80 hivi maji hujipenyeza katikati ya kamba, zinafunguka, punje inavimba na kulainika, na amilosi nyingine inatoka nje. Ndiyo ule ute unaouona kwenye maji ya wali. Sasa kila uzi uko peke yake. Ukila wali huo wa moto, vimeng'enya vinakata vitakavyo, na glukosi inaingia kwenye damu mbio.

Kisha wali unapoa, na hapa ndipo ninapopapenda. Nyuzi zilizofunguka hazikai zilivyo. Joto likishuka, uzi ulio karibu na mwenziwe unamshika, wanasokotana upya, na maji yanasukumwa nje. Amilosi, kwa kuwa ni ndefu na imenyooka, husokotana upesi, kazi ya saa chache, na kamba yake hubana kwelikweli. Amilopektini husokotana taratibu, siku kwa siku, na kwa kuwa matawi yake ni mafupi kamba zake ni fupi na legevu. Kwa hiyo ndani ya bakuli moja la kiporo mna kamba za aina mbili: chache ngumu na nyingi laini.

Tofauti ya kamba hizo mbili iko kwenye moto wa kuzifungua. Zile laini hufunguka ukifika nyuzi joto 60 hivi. Zile ngumu za amilosi hazifunguki mpaka zaidi ya 120, na sufuria ya kawaida inayochemka haivuki 100. Ina maana kiporo ukikipasha moto, wali unalainika tena kinywani kwa sababu kamba laini zimeachia, lakini kamba ngumu zinabaki zilivyosokotwa usiku. Moto wa jikoni haufiki kwao.

Hayo yalionekana kwenye mkate muda mrefu kabla ya mtu kujua habari za molekuli. Mwaka 1852 Mfaransa Jean-Baptiste Boussingault alifungia mkate mahali ambapo maji hayapati njia ya kutoka, na mkate ukawa mgumu vilevile. Basi boflo la jana halikukauka, kama tunavyodhani, limesokotana. Akaona pia kwamba ukilipasha moto, hata wa nyuzi 60 tu, linalainika tena. Mama wa Kiswahili anayepasha boflo la jana juu ya kawa la chungu anafungua kamba za amilopektini, na zile za amilosi anaziacha.

Wanga unaopita tumboni bila kukatwa ulipewa jina na Hans Englyst na wenzake nchini Uingereza mwaka 1982. Kwa Kiswahili wengi wanauita wanga sugu, nami nimelikubali jina hilo kwa shingo upande. Kwanza kwa sababu ya "sugu", iliyokwisha kuchukuliwa na malaria na vidudu visivyosikia dawa, kwa hiyo msomaji anashtuka kabla ya kuelewa. Pili, na hili ni kubwa zaidi hapa Unguja, ukimwambia bibi yangu kwamba ndani ya kiporo mna wanga sugu, atadhani nazungumzia wachawi wazoefu. Nimejaribu "wanga mkaidi", haukupokewa. Basi na tuendelee na wanga sugu, na wanga wale wengine watusamehe.

Sasa turudi kwa msomaji wa Jang'ombe. Jaribio linalomhusu zaidi lilifanywa Indonesia na kuchapishwa mwaka 2015. Watafiti walipika wali mweupe na kuupima mara tatu. Wali wa moto ulikuwa na gramu 0.64 za wanga sugu katika kila gramu 100. Uliopoa saa 10 mezani ulikuwa na gramu 1.30. Uliokaa kwenye friji saa 24 kisha ukapashwa moto ulikuwa na gramu 1.65. Halafu watu wazima 15 wenye afya walilishwa wali wa moto siku moja na wali uliolala siku nyingine, na sukari ya damu ikapimwa. Kwa wali uliolala, mpando wa sukari ulipungua kwa karibu asilimia 18.

Kwa hiyo jambo lipo, limepimwa. Ila tuchukue kalamu. Sahani ya wali wa gramu 300, ambayo kwa mlo wa Ijumaa wengi wetu tutaiona ndogo, ina gramu kama 84 za wanga. Ukiwa wa moto, gramu 2 kati ya hizo ni sugu. Ukilala na kupashwa, gramu 5. Usiku mzima wa kusokota umetuokolea gramu 3: kijiko kimoja cha chai. Gramu 79 nyingine zipo palepale, zinasubiri kukatwa kuwa glukosi kama jana. Wali haukwishi sukari kwa kulala. Umefunga sehemu ndogo tu ya wanga wake.

Msomaji makini atauliza: kama wanga uliofungwa kwa kulala haufiki hata asilimia 4, iweje sukari ya damu ipungue kwa asilimia 18? Ninavyoona mimi, kamba hazizuii tu, zinachelewesha. Punje iliyosokotana imekaza, vimeng'enya vinakawia kuingia, na hata uzi ulio huru unachukua muda kufikiwa. Sukari ileile ikiingia taratibu, kongosho linaimudu vizuri zaidi. Mwenye kisukari anajua kwamba mwendo wa sukari una uzito wake, si jumla peke yake.

Na nazi je? Hapa kwetu wali wa sherehe ni wa nazi, na nazi ina sayansi yake ndani ya wanga. Uzi wa amilosi usipopata mwenziwe wa kusokotana naye, hujizungusha peke yake kama chemchemi, glukosi sita kwa kila mzunguko, na katikati unabaki uwazi. Uwazi huo haupendi maji. Unapenda mafuta. Mkia wa asidi ya mafuta ukikutana nao, unaingia na kukaa humo, na chemchemi iliyojaa mafuta nayo ni ngumu kwa vimeng'enya kuikata.

Unaweza kuuona uwazi huo, au angalau kuona kilichoingia ndani yake. Chukua uji mwepesi wa mchele uliopoa, maji maji kabisa, ugawe gilasi mbili. Temea mate kidogo kwenye gilasi moja, koroga, subiri robo saa. Kisha tia matone ya iodini ya dukani, ile ya vidonda, kwenye zote mbili. Gilasi isiyo na mate inageuka buluu nzito karibu na nyeusi: iodini imejipanga ndani ya chemchemi za amilosi. Gilasi ya mate, kama mate yalitosha, inabaki na rangi ya kahawia ya iodini yenyewe, kwa sababu kimeng'enya cha mate kimekwisha kuzikata chemchemi vipande vipande na iodini haina pa kukaa. Rangi hii ya buluu imejulikana tangu 1814 na walimu wa skuli wanaitumia mpaka leo, lakini sehemu ya mate wengi wanairuka, nayo ndiyo tamu. Mwaga zote mbili ukimaliza.

Mwaka 2015 mwanafunzi wa Sri Lanka, Sudhair James, na mwalimu wake Pushparajah Thavarajah walitangaza kwenye mkutano wa wanakemia nchini Marekani kwamba wamepika wali kwa kijiko cha mafuta ya nazi, wakauweka kwenye friji saa 12, na wanga sugu ukaongezeka sana. Walikisia kwamba kwa mchele unaofaa nishati inayofyonzwa ingeweza kupungua kwa nusu au zaidi. Habari ilizunguka dunia nzima, na naamini sauti ya WhatsApp iliyofika Jang'ombe ni kitukuu chake. Lakini kile kilikuwa kipimo cha maabara na makisio, hakikuwa kipimo cha damu ya mtu. Tena mafuta ya tui yamefungwa matatu matatu, na kwa kuingia kwenye chemchemi yanataka yafunguliwe kwanza. Na kikombe cha tui zito kina nishati yake, ambayo hailali.

Kinachonivutia zaidi ni mwisho wa safari ya zile gramu 5. Hazitoki bure. Zinafika utumbo mpana, na huko kuna bakteria aitwaye Ruminococcus bromii ambaye kazi yake hasa ni kusokotoa kamba. Amejipangia vimeng'enya vyake juu ya ngozi yake kwa pamoja, kimoja kinashika, kingine kinafungua, kingine kinakata, na wanga ambao tumbo letu zima limeshindwa nao unaachia. Anachokitoa kinaliwa na bakteria wengine, nao wanatengeneza butireti, asidi ndogo ambayo ndiyo chakula kikuu cha chembe za ukuta wa utumbo mpana.

Hapa Afrika Mashariki ina historia yake. Madaktari Denis Burkitt na Hugh Trowell walifanya kazi Uganda kwa miaka mingi, na waliona kwamba maradhi ya utumbo mpana yaliyojaza wodi za Uingereza yalikuwa adimu kwa wagonjwa wao. Wakazipa heshima hiyo nyuzinyuzi za chakula. Baadaye ilionekana kwamba wanga unaofika chini bila kukatwa nao unafanya kazi ileile. Mwaka 2015 Stephen O'Keefe na wenzake walibadilishana vyakula: Wamarekani weusi 20 wa Pittsburgh walikula kama vijijini Afrika Kusini, na wanavijiji 20 wa Afrika Kusini wakala kama Pittsburgh. Wiki mbili zilitosha. Butireti ilipanda kwa waliokula cha kijijini, ikashuka kwa wenzao. Na mwaka 2025 ukatoka utafiti wa Kilimanjaro wa wanaume 77: waliohama kutoka mlo wa kienyeji wa kiburu na mboga kwenda chipsi, soseji na mkate mweupe, dalili za uvimbe ndani ya damu zilipanda, nazo pia kwa wiki mbili tu. Huo haukuwa utafiti wa wanga sugu, ulikuwa wa mlo mzima, na funzo lake ni hilohilo: mwili unasikia mlo mzima haraka kuliko unavyosikia kijiko kimoja.

Mambo mawili ya haraka kabla hamjakimbilia jikoni. Usikilaze kiporo mezani, hata kama Waindonesia walipima cha mezani. Bakteria Bacillus cereus ana mbegu zinazostahimili kuchemshwa. Kwa joto letu zinaota, na sumu yao ya kutapisha haiondoki kwa kupashwa moto. Wali uingie kwenye friji ndani ya saa moja au mbili, utandazwe upoe upesi, upashwe mpaka utoe moshi, uliwe kesho yake na si siku ya tatu. Umeme ukikatika usiku kucha, kiporo hicho ni cha kumwaga.

La pili ni la vidonge na sindano: visiwekwe kabatini. Watafiti wa Poland waliwapa wagonjwa 32 wa kisukari cha aina ya kwanza wali uliolala kwenye friji, wakiwa na kipimo chao kilekile cha insulini. Kilele cha sukari kilishuka kama ilivyotarajiwa, lakini wengi zaidi sukari yao ilianguka chini ya kiwango. Kwa hiyo mwenye insulini anayetaka kuhamia kiporo azungumze na daktari wake kwanza, aende na daftari lake la vipimo.

Kwa msomaji wangu wa Jang'ombe, jibu ni hili. Kula kiporo ukipenda, pungufu ya ulivyozoea, na samaki na mchicha viwe vingi sahanini kuliko wali. Sahani iliyopungua theluthi moja inakuondolea karibu gramu 28 za wanga, mara tisa ya kazi ya friji. Na sauti nyingine ikija, muulize mwanao swali moja kabla ya kuisikiliza mara ya pili: ni kiasi gani? Wengi wa wanaorekodi hawana jibu.

Nami nina ombi kwa vijana wetu wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar wanaotafuta mada ya utafiti. Indonesia walihitaji watu 15. Tafuteni 15 wa hapa, mashine ya kupimia sukari ya dole, mchele wa mapembe, mchele wa Cheju na nazi. Pikeni kwa tui na bila tui, wa moto na uliolala. Wa kujitolea hamtawakosa: mtu halipwi kila siku kwa kula wali wa nazi.